Damu Nzuri Katika Faili la Mama

Mama aliacha kusonga bukari katikati. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la mbabula, unga umeanza kushikana, na yeye akauacha mwiko umesimama peke yake, akaenda kukaa juu ya kinu kilicholazwa, mdomo wazi, kama mtu aliyekimbia kutoka stesheni hadi kwetu. Alikuwa ametembea hatua nne.

Nilimaliza kusonga mimi. Nilipommiminia maji anawe, aligeuza viganja juu, na hapo ndipo nilipoogopa. Mistari ya viganja vyake, ambayo kwa watu wote wa kwetu ina wekundu kidogo wa kahawia, ilikuwa imepauka kabisa. Hata kucha hazikuwa na rangi.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini? Kula, bukari inapoa."

Nilikuwa nimerudi Kamina siku mbili tu kabla ya hapo, baada ya miaka miwili ya kukaa Lubumbashi. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ileile. Simu haionyeshi viganja.

Mama ana virusi vya Ukimwi tangu nikiwa shule ya msingi. Baba alikufa navyo. Mimi nilipimwa, sikuwa navyo. Nilipomaliza darasa la sita aliniita jikoni, akaendelea kuchambua majani ya sombe huku akisema, "Niko na ile ugonjwa ya baba yako. Nakunywa dawa kila siku, sitakufa. Usiseme kwa muntu." Sikusema kwa mtu. Nilikua nikijua kwamba ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, hakuna maziwa, na kwamba wageni wakiomba chai nyumbani kwetu wanakunywa ya rangi.

Mama na wenzake walikuwa wanawake sita wa mtaa mmoja, wote wagonjwa, wote wakinywa dawa. Majirani waliwajua kama kundi la kushona, na kweli walishona: vitambaa vya meza, mito ya viti, nguo za watoto wachanga. Katikati ya vitambaa waligawana dawa. Hospitali iliwaruhusu wasiende wote. Kila baada ya miezi mitatu mmoja alikwenda na kadi za wote sita, akachukua za wote, akarudi na mfuko chini ya vitambaa. Kadi hazikuwa na majina. Zilikuwa na namba tu, ili kadi ikianguka sokoni isimwangushe mwenyewe. Mpango huo ulimpendeza sana mama, maana alichoogopa zaidi ya ugonjwa ni ule ubao wa kukalia pale nje ya mlango wa dawa, ambapo kila anayepita kwenda kuzaa au kutibiwa malaria anakuona na kukuhesabu.

Mmoja wa hao sita ndiye aliyenikosesha raha.

Aliuza mafuta ya ngazi sokoni, mawese mekundu yanayotoka upande wa Kabongo kwa baiskeli, bidoni nne za plastiki kila baiskeli. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye shingo yenye mikunjo na kicheko kilichofika kabla yake. Ukoo wake ni wa Kasai. Miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, yeye akiwa msichana, alikaa na wazazi wake majuma mengi kwenye uwanja wa stesheni yetu wakingoja treni, na huko alimzika ndugu yake mdogo. Baadaye alirudi, mtu mzima, akafungua biashara mahali palepale alipofukuzwa. Mtaa ulinunua mafuta yake. Haukumwomba msamaha na haukusahau kwamba yeye ni wa huko.

Alikuja kwetu karibu kila juma. Aliketi na mama nyuma ya nyumba, na nilipotokea walinyamaza.

Jirani yetu wa upande wa kulia, mjane mwenye jicho linaloona hadi ndani ya sufuria za watu, alinisubiri kwenye pompi ya maji.

"Mwana yangu, weye ulisoma, lakini macho yako iko ya bure?"

"Kuna nini, mama?"

"Ile wa Kasai. Anakuya, anaikala na mama yako. Akitoka, mama yako analala mpaka mangaribi. Angalia mashavu ya ule mwanamuke. Angalia na ya mama yako." Alijaza ndoo yake polepole, akifurahia kunichelewesha. "Damu haipotee, mwana yangu. Damu inahama."

Siamini wachawi wanaokunywa damu ya watu. Nilimjibu hivyo, kwa adabu, nikabeba maji yangu. Lakini maneno yake yalirudi nami nyumbani, yakaingia ndani kabla yangu, na tangu siku hiyo sikumtazama tena yule mwanamke bila kumpima unene.

Shaka ni kazi. Inakuamsha mapema, inakupa mambo ya kufanya. Nilihesabu vidonge vya mama ndani ya kopo, nikavikuta sawasawa na siku zilizobaki. Nilisimama mlangoni asubuhi nione kama anavimeza kweli au anavitema. Alimeza, akafungua mdomo kunionyesha ulimi, kwa dharau. "Unataka kuhesabu na meno?" Basi dawa anakunywa, na bado anapauka. Nikaanza kushuku dawa yenyewe. Labda mtu anayekwenda kuzichukua anauza zile nzuri, analeta unga uliokandwa. Na nani aliyekuwa akienda kuzichukua? Niliuliza kwa mzunguko, kama ninayeuliza habari za kanisa, na mmoja wa wale sita akaniambia: zamu zilikuwepo mwanzoni, lakini siku hizi mama wa mafuta ndiye anayekwenda kila mara. Anajitolea.

Anajitolea. Neno hilo nalo nikalishuku.

Siku moja alikuja mchana, joto limekaa juu ya mabati, akapandisha mkono mmoja wa koti lake la sweta. Katika kiwiko cha mkono wake wa kushoto, kwa ndani, palikuwa na pamba iliyobanwa kwa plasta, na katikati ya pamba doa jekundu. Aliona nimeona. Alishusha sweta juu ya mkono, akaniambia, akiniita shangazi kwa Kifaransa, "Tantine, tuletee kikombe na sukari." Alikuwa ameleta kopo la nyanya na maziwa ya pakiti. Alichanganya nyanya nzito na maziwa na sukari hadi vikawa uji mwekundu, ile dawa ya kuongeza damu ambayo kila mwanamke wa kwetu anaijua: chekundu kinazaa chekundu. Nilichukua kikombe nikaonja kabla ya mama.

"Unazania nimeweka sumu?" aliuliza, akicheka.

"Naonja sukari."

"Sukari unaionjea na macho?"

Mama alikunywa yote, akapangusa mdomo, akasema anasikia nguvu. Jioni alishindwa kuinuka kwenda chooni, nikambeba. Alikuwa mwepesi, na moyo wake ulipiga mgongoni kwangu kwa haraka, kama kitu kinachotaka kutoka.

Karibu majuma matatu baadaye, mama akiwa hawezi tena kutembea, nilifanya jambo ambalo bado linanipa haya. Mama wa mafuta alikwenda kunawa mikono, akaacha mfuko wake juu ya kiti, nami nikaufungua. Ndani, pamoja na leso, Biblia ndogo na funguo za kibanda chake, kulikuwa na kadi tatu za hospitali. Ya kwake, na nyingine mbili. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa na namba ya mama. Kila mwanamke alitakiwa kutunza kadi yake mwenyewe siku zisizokuwa za kuchukua dawa, na siku ya kuchukua dawa ilikuwa imepita karibu majuma matatu.

Nilichukua kadi ya mama, nikaiweka ndani ya blauzi, nikapanda pikipiki kwenda hospitali.

Daktari wa kitengo cha Ukimwi alikuwa kijana, macho mekundu ya usingizi, kalamu mbili mfukoni. Nilimwambia mimi ni binti, mama hawezi kutembea, viganja ni vyeupe. Alisoma namba ya kadi, akatafuta faili, akalifungua. Nilimwona akishangaa.

"Mama yako alibadilishiwa dawa miaka miwili iliyopita. Za kwanza zilikuwa zimeshindwa. Katika hizi za sasa kuna moja inaweza kupunguza damu, njo maana tunapima damu yake kila anapokuja." Aligeuza faili nione. "Angalia. Kila mara kumi na tatu. Mara ya mwisho, majuma matatu iliyopita: kumi na tatu. Damu ya mama yako iko muzuri kupita yangu."

"Majuma matatu yaliyopita mama hakutoka nyumbani."

"Alikuja. Tulitoa damu."

"Majirani wanasema ana miezi saba hajavuka barabara kubwa."

Alitazama tena namba ya kadi. Mimi nikasema yale niliyokuwa nimeyabeba tangu kwenye pompi, ila sasa nikayatupia hospitali: kwamba hawapimi kitu, kwamba wanaandika namba nzuri ili ripoti zao zipendeze, kwamba mama yangu anakufa ndani ya karatasi safi. Nilisema kwa sauti, na waliokaa kwenye ule ubao wa nje wakageuza vichwa. Daktari hakukasirika. Alisimama, akachukua faili, akasema, "Kuya tuangalie kwenye maabara. Mimi pia sasa nashuku."

Mtu wa maabara alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua daftari lake, akashuka na kidole hadi kwenye namba ya mama.

"Huyu? Huyu namukumbuka. Mama munene, anachekesha sana. Anakuya na kadi yake, anatoa mukono mwenyewe. Mishipa yake iko sawa kamba ya kuanikia nguo, hainitesi." Alirekebisha miwani. "Ila siku ile nilishangaa kidogo. Alitoa mukono ya kushoto, akatoka, halafu nikaona ni kama amerudi na kadi ingine, ananipa ya kuume. Nikajiambia, labda ni ndugu yake."

Daktari alikaa juu ya stuli. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mwizi wa damu ya mama. Damu iliyoandikwa humo yote, miaka miwili mizima, ilikuwa ya yule niliyedhani anainywa.

Daktari alizungumza polepole sana, na maneno yake ninayakumbuka kwa sababu aliyarudia mara mbili ili niyabebe vizuri. Kwa mtu mwenye virusi, alisema, upungufu wa damu si uchovu wa kawaida. Damu ikishuka na kuachwa chini, mgonjwa hutangulia kufa hata kama virusi vimelala. Moyo unachoka kabla ya ugonjwa wenyewe kuamka. Yeye alikuwa tayari kumbadilishia dawa na kumwongezea damu siku hiyohiyo. Lakini hakujua chochote juu ya mwili wa mama yangu. Hakujua damu yake ni ngapi, hakujua kundi lake, hakujua kama virusi vimelala au vimeamka. "Faili hii ni ya muntu mwingine," alisema. "Mulete. Nataka mukono yake mwenyewe. Na usichelewe."

Nyumbani niliwakuta wote wawili nyuma ya nyumba. Mama amelala juu ya mkeka, mwenzake anampepea kwa kipande cha katoni. Nilitupa kadi katikati yao.

"Ni weye ulitoa damu kwa jina la mama."

"Haina jina," mama wa mafuta alisema haraka. "Iko namba."

"Usicheze na mimi!"

"Sichezi, tantine. Kaa chini, unatisha mugonjwa."

Sikukaa. Nilimwambia amemuua mama. Nilimwambia mengine pia, na moja lilikuwa juu ya watu wa Kasai, na sitaliandika hapa. Alilipokea bila kupepesa macho. Nadhani alikuwa amelisikia tangu utotoni, kwenye uwanja ule wa stesheni, na midomo ndiyo iliyobadilika.

Mama ndiye aliyejibu, akiwa amelala, macho yamefumbwa.

"Minyi njo nilimutuma."

Akaeleza kwa vipande kwa nini alimtuma mwenzake, akipumzika kati ya sentensi. Siku alipobadilishiwa dawa, muuguzi alimwambia hii mpya inaweza kula damu. Dakika hiyohiyo muuguzi mwingine akamfunga mpira mkononi na kutoa damu. "Nikajiuliza: dawa inakula, na bao ba hospitali banatoa. Minyi nitabakia na nini? Nikaona sasa njo namna. Dawa ni bure, hatulipe kitu. Nani anakupa kitu ya bure kila miezi tatu, miaka na miaka? Damu njo tunalipa nayo."

"Mama, wanapima. Hawauzi."

"Umeona mahali inaendaga?"

Sikuwa nimeona. Wala hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kwake, kwa miaka yote hiyo, kichupa kilitoka chumbani mkononi mwa mtu wa koti jeupe, kikaishia nyuma ya mlango.

"Nikamwambia, rafiki yangu, mulunda wangu," mama wa mafuta akaingilia, sauti imeshuka, "weye damu yako iko kidogo. Minyi yangu iko mingi, hata nikijikata kisu inaruka. Kama ni ya kulipa, nitalipa yako. Na ya ule mwingine wa kule chini kwenye reli, alijifungua mapacha, naye alikuwa amekwisha. Mikono iko mbili. Nilizania natoa kodi yabo." Alitazama viganja vyake vyekundu vya mafuta. "Kumbe nilikuwa naambia docta kama mama yako iko muzima."

Hapo kicheko chake kilikwisha. Alijishusha juu ya bidoni tupu, na bidoni ikapiga kelele chini yake, na hakuna aliyecheka.

Ningependa kusema kwamba shaka yangu iliondoka saa hiyo. Haikuondoka. Ilitafuta tu mahali pengine pa kukaa. Nilijiuliza kama anasema kweli au ameitunga njiani. Kama mama anamkinga. Kama walikuwa na kingine. Mtu akishazoea kunusa kila kikombe, pua haimwachi.

Niliwaambia daktari anataka mkono wa mama mwenyewe, leo, na mama alikataa kwenda.

"Hii kidogo inabakia, wakiitoa, sitaamuka."

"Usipokwenda hutaamka pia."

"Basi niache nilale na damu yangu."

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikalia. Aligeukia ukuta. Baada ya muda alisema sababu ya pili, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nzito. Wakipima damu yake watajua uwongo. Watamfukuza mwenzake, watavunja kundi, wote sita watarudishwa kwenye ule ubao, na mmoja wao akionekana na mume wake pale, atalala nje. "Juu yangu minyi mumoja? Apana."

Mama wa mafuta alisimama. Alijifunga kikwembe upya, akakaza fundo.

"Docta ameshajua, mulunda. Mutoto yako amemwambia yote na mudomo yake mukubwa. Uwongo imekufa, bado weye tu. Unataka nikuzike, watu ya hapa waseme nilimaliza kukunywa?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mama alifungua macho vizuri. "Wanasemaka vile?"

"Wanasema toka mwaka jana. Weye haukusikia, juu ulikuwa unalala."

Mama alinitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alinyoosha mkono ainuliwe.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mama alikaa kati ya dereva na mwenzake, amebanwa na ule mwili mkubwa asianguke, kichwa kimelala nyuma kwenye shingo ya mikunjo. Mimi nilifuata nyuma, nikimeza vumbi lao, nikitazama mikono ile miwili iliyozunguka kiuno cha mama. Jirani alisimama kwenye ua wake na kutuona tunavyoondoka. Hakupunga.

Maabarani mama aliweka sharti. Atatoa mkono, lakini atakwenda na kichupa. Daktari alisema hairuhusiwi. Mzee wa miwani akasema, "Docta, anione nikipima. Mashini haina haya." Basi ikawa hivyo. Alitafuta mshipa kwa muda mrefu, mkono wa kuume, wa kushoto, wa kuume tena, na mama wa mafuta akageukia dirisha, yeye ambaye alikuwa ametoa mikono miwili asubuhi moja huku akipiga hadithi. Damu ilipokuja, ilikuja polepole na nyepesi, rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Mama aliitazama ikipanda kwenye kioo.

"Hii njo yangu?"

"Ni yako, mama."

"Si damu hii."

Tulimshika kila mmoja upande wake, tukamfuata mzee hatua tano hadi kwenye mashine, na mama akaegemea meza akakodoa macho kwenye ile namba ndogo, kama anayesubiri imdanganye. Ilikuwa tano.

"Kumi na tatu ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Yangu," mwenzake alisema kutoka dirishani.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Daktari alichora mstari juu ya kila matokeo ya miaka miwili, ukurasa kwa ukurasa, akaandika tarehe ya siku ile juu ya ukurasa mpya. Akafuta dawa moja, akaandika nyingine. Damu ya kuongeza ilitakiwa itoke kwa mtu wa familia, kwa kuwa friji ya hospitali ilikuwa tupu. Na kabla hata sijafungua mdomo, mama wa mafuta alikuwa amekwisha kupandisha mkono wa sweta hadi begani, kiwiko nje, ngumi imefungwa.

"Weka hapa. Hii mara haiko kodi."

Mzee wa miwani alimtazama, akatazama daktari. Mama wa mafuta alielewa katikati ya ule mtazamo wao. Alikuwa amesahau. Kwa dakika moja nzima, mwanamke aliyeishi na ugonjwa ule miaka mingi kuliko mama alisahau kabisa kwamba anao. Alishusha sweta polepole mpaka kwenye kifundo cha mkono, akakaza kama mtu anayesikia baridi.

Nilitoa mimi. Walinipima kwanza, na katika ule muda wa kungoja nilishuku hata damu yangu, niliyoijua. Ilikuwa salama, na kundi liliafikiana. Mama aliingizwa kitandani, na kabla hawajaufungua mfuko aliuliza umetoka kwa nani, akataka kusoma namba, akaisoma kwa sauti, akanitaka nami niisome. Ndipo akalala.

Kwenye korido tulibaki wawili, mimi na mama wa mafuta. Alinunua mkate na soda, akanigawia, kwa kuwa aliyetoa damu lazima ale. Nilikula. Sikunusa.

"Ulizania nakunywa mama yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na weye ulisoma."

"Ndiyo."

Alitafuna. "Unajua minyi nilizania nini juu yako? Ulikuya kutoka Lubumbashi, unahesabu vidonge, unafungua mifuko ya bantu. Nikasema, huyu anangoja mama yake afe akamate lupango na nyumba yake." Alinitazama mbavuni, akipima. "Bado sijue."

Sijui mpaka leo kama ule ulikuwa utani.

Mama alikaa hospitali siku tisa. Siku ya nne kucha zilipata rangi kidogo. Kichupa cha kupima virusi kilipelekwa Lubumbashi, na majibu yalichelewa hadi tukaanza kuamini kimepotea. Yaliporudi, virusi vilikuwa vimelala. Dawa alikuwa amezimeza kweli, zote, kila siku. Moja kati ya hizo, alizozimeza kwa uaminifu ule, ndiyo iliyokuwa ikimmaliza, na karatasi ikisema hajambo.

Kundi halikuvunjwa. Muuguzi aliweka sharti jipya: dawa zinaweza kubebwa na mmoja, mkono haubebwi na mtu. Wanne walikwenda juma lilelile. Aliyebaki ni yule wa kule chini kwenye reli, mwenye mapacha, ambaye damu yake pia ilikuwa imeandikwa kutoka mkono wa kuume wa mama wa mafuta. Alituma neno kwamba yeye ni mzima, faili lake linasema kumi na tatu, asisumbuliwe.

Mama alikuwa na siku kumi tu tangu atoke kitandani. Asubuhi hiyo alivaa viatu, akachukua fimbo, akaniambia nibaki. Nilimfuata hata hivyo, kwa mbali. Alipumzika mara tatu njiani: kwenye duka la chumvi, kwenye kibanda cha fundi wa baiskeli, na juu ya chuma cha reli yenyewe. Mwanamke wa mapacha alitoka akamwona, akarudi ndani, akafunga mlango.

Mama alikaa chini, palepale mlangoni, akanyoosha miguu.

"Leta mukono yako nione," alisema kwa mlango. "Kiganja tu. Sina sindano."

Ndani mtoto mmoja alilia, mwingine akamfuata. Mama akangoja. Mlango ulifunguka upana wa ngumi, na mkono ukatoka, kiganja juu.